Karatasi ya Majina ya Bibi Rahil

São Paulo, 20 Februari 1962

Kwako mdogo wangu Tekla, binti wa ami yangu,

Nakusalimu kwa machozi, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, hali ya Ami Nasif baba yako na mguu wake, na hali ya majirani wote wanaonikumbuka. Sisi huku hatujambo. Fares yuko dukani na vitambaa vyake tangu asubuhi hadi jioni, Jorji amempita baba yake urefu, na Suhaila ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuomba. Wanagombana kwa Kireno, mimi nawagombeza kwa Kiarabu, nyumba imekuwa soko.

Telegramu yako ilikuwa na maneno matano. "Bibi amefariki Jumapili, tumemzika Jumatatu." Ilinifikia Alhamisi. Sikulaumu, najua ulikuwa na mengi, lakini Tekla, siku nne nzima mimi nilikuwa nacheka, napika, naenda kwa fundi kupima gauni, na Bibi yuko chini ya udongo. Ningejua, hata moto nisingewasha.

Watu wa Saida na vijiji vyake tulioko hapa tuna chama chetu, nao wameamua kumfanyia Bibi misa, kisha isomwe habari ya maisha yake. Wamenipa mimi kazi ya kuiandika kwa sababu ndimi niliyelelewa naye. Basi niletee ninayoyasahau. Ile midanzi, michungwa yake michungu, aliipanda mwaka gani? Alipenda ua gani kuliko yote? Siku zake za mwisho zilikuwaje?

Na nina ombi moja zaidi, naomba usininyime. Nataka ile karatasi ya majina ya kuombewa aliyokuwa akiipeleka kanisani kwa padri pamoja na mkate, ile ya Jumapili ya mwisho. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini kila barua uliyoniandikia kwa niaba yake ilimalizika kwa maneno yaleyale: "Kwenye karatasi jina lako ndilo la kwanza, na Abuna analisoma kila Jumapili." Miaka kumi na tano nimeishi na maneno hayo. Nataka nilione jina langu kwa macho yangu. Nitaitia karatasi kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni.

Nambusu baba yako mkono, nawe nakubusu macho.

Dada yako,
Widad


Kfar Lauza, 2 Aprili 1962

Dada Widad,

Salamu zako zimefika na nimezigawa. Baba anakusalimu. Mguu wake hauponi wala hauzidi, ila kila mgeni lazima auone. Jirani yetu Umm Shafik anakusalimu pia, na anauliza kama ni kweli huko wanawake wanavaa suruali.

Barua yako ilifika tarehe tisa Machi. Nimechelewa kujibu kwa sababu midanzi imechanua, na unajua mwenyewe, au labda umeshasahau, kwamba maua hayamngoji mtu. Tunatandika mashuka chini ya miti umande ukishakauka, tunachuma moja moja, na siku hiyohiyo lazima yaingie kwenye mtungi wa kukenekea, mvuke wake uwe maji ya maua, kabla hayajalala. Mwaka huu nimechuma peke yangu. Baba alikaa kwenye kiti akinionyesha maua niliyoyaruka.

Midanzi miwili aliipanda mwaka alioolewa. Kumi na moja mingine aliipanda babu alipokufa, maana alisema mjane asiye na kazi huishia kuolewa tena. Unauliza alipenda ua gani. Widad, Bibi hakuwa mtu wa kupenda maua, alikuwa mtu wa kuyafanyia kazi. Konokono aliwaua kwa kiatu kikuukuu, huku akiwaita majina ya mawifi zake. Mrehani aliouotesha kwenye makopo ya samli ndio uliopamba msalaba kila Septemba, na Ijumaa Kuu hakuna aliyethubutu kugusa jeneza la Bwana kabla hajafika na kikapu chake. Mwaka mmoja mke wa Abuna Ghattas alileta maua ya kununua mjini, marefu, hayana hata harufu. Bibi aliyachomoa moja moja akayapanga nje ya mlango wa kanisa, akamwambia, "Haya ya harusi, mwanangu. Bwana wetu amekufa, hatembezwi mjini."

Andika pia, ukipenda, kwamba kila mwaka yale maji ya kwanza, mazito, yanayotoka mtungi unapoanza kushika moto, aliyatia kwenye chupa, akaziba kwa nta, akayapeleka bandarini yaje kwako. Sisi wa hapa tulitumia ya pili. Miaka kumi na tano nimechuma maua hayo na sijaonja maji ya kwanza.

Siku zake za mwisho zilikuwa kama siku zake zote. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikanda mkate wa sadaka, hata macho yalipomwisha. Mimi nilikaa mezani, akinitajia majina nami nikiandika, walio hai juu, marehemu chini. Kisha aliuweka ule muhuri wa mbao wenye alama ya msalaba juu ya mkate na kuulalia kwa viganja viwili, uzito wake wote, midomo ikichezacheza. Sijui alikuwa akisema nini. Zaburi, nadhani. Sikuuliza, maana ukimkatiza hapo alikurushia unga. Jumamosi ya mwisho aliulalia muhuri muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Jumapili alfajiri nilimkuta amekwenda. Mkate ule ndio uliotumika Jumatatu kwenye misa ya maziko yake.

Arobaini yake tumeifanya vizuri. Ngano ya kuchemsha niliipika mimi, na lozi zilikuwa za mti wetu. Watu walirudia sahani.

Karatasi sijaiona. Labda ilikuwa kwenye mfuko wa gauni alilozikwa nalo. Nikiipata nitaituma.

Tekla


São Paulo, 10 Juni 1962

Mdogo wangu Tekla,

Mungu akuweke, amweke na baba yako. Mwambie Umm Shafik kwamba ni kweli wanavaa, na mimi ninayo moja, ila Fares asijue kwamba nimemwambia mtu. Suhaila aliugua koo, amepona. Baridi imeanza huku wakati ninyi mnaanza joto, na mpaka leo mwili wangu haujakubali.

Misa ilikuwa tarehe 27 Mei, na kanisa lilijaa hadi nje. Baadaye nilisimama mbele ya watu nikasoma. Gazeti la chama limechapa kila neno, nami nimekukatia kipande. Utaona nimeacha habari ya konokono. Nimesema alikuwa akiimba bustanini, ni karibu na ukweli na inasomeka vizuri. Lakini pale walipolia wote, hata wanaume, ni hapa: "Kila Jumapili, bahari nzima ikiwa kati yetu, jina langu lilikuwa la kwanza mdomoni mwa padri wa Kfar Lauza, kwa sababu lilikuwa la kwanza moyoni mwa Bibi Rahil." Mzee mmoja wa Saida, mwenye viwanda viwili, alinishika mkono akakataa kuuachia.

Barua yako niliisoma mara nyingi, na ule mstari wa maji ya kwanza niliuona. Tekla, usiwe na kijicho na chupa. Wewe ulikuwa naye kila siku, ulimwosha miguu, ulimkata kucha, na Mungu hatakusahau. Lakini kuna watu wanaokaa na mtu, na kuna watu wanaokaa moyoni mwa mtu. Hilo si kosa la yeyote.

Kuhusu karatasi, haiwezi kuwa imezikwa. Karatasi iliyokaa madhabahuni haitupwi wala haizikwi na mtu, hilo nalijua tangu nina miaka tisa. Bibi alizitunza zote kwenye lile bati la biskuti juu ya kabati. Panda kwenye kiti utazame. Kioo nimeshanunua, kiko ukutani, kitupu, na wageni wananiuliza.

Dada yako anayekupenda,
Widad


Kfar Lauza, 29 Julai 1962

Widad,

Salamu. Baba hajambo. Joto ni kali na kisima kimeshuka.

Sikuhitaji kupanda kwenye kiti. Bati la biskuti liko mbele yangu ninapoandika, na limekuwa mbele yangu tangu Januari. Nilikudanganya kwamba karatasi sijaiona. Sasa umenisukuma hadi ukutani, basi kaa vizuri usome.

Kipande chako cha gazeti nilimsomea Baba. Alicheka hadi akasahau mguu. Bibi akiimba bustanini! Bibi alitukana bustanini, Widad, na kama hukumbuki hilo hujui ulilelewa na nani. Umewapelekea watu wa Brazil mtakatifu wa kwenye picha, halafu ukajiweka wewe miguuni pake. Mimi niliyemwosha huyo mtakatifu nimepata nini katika hotuba yako? Nimetafuta mara mbili. Simo hata kwa jina.

Kutotajwa jina nimeshazoea, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tangu nilipotoka shuleni kwa masista na kuhamia kwa Bibi, mwaka ule ule uliopanda meli, nilikaa kwenye meza ile kila Jumamosi na kalamu. Alianza hivi: "Walio hai. Andika Widad." Kisha Fares wako ambaye hakumjua, kisha wanao alipopata habari zao, kisha ami zetu walioko Amerika, kisha mpaka yule mwana wa Umm Shafik aliyeiba mbuzi akakimbilia Haifa. Mimi nilingoja. Kila Jumamosi nilingoja lije langu. Alimaliza, akapangusa unga, akasema, "Sasa marehemu."

Unamkumbuka Anis, mwalimu wa Jezzine, niliyekuandikia habari zake? Novemba 1952 Bibi alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Anis alikuwa amepata kazi kwenye shule ya Tripoli, huko kaskazini, akataka tufunge ndoa kabla ya Krismasi. Nilimwomba angoje mpaka Bibi asimame. Alingoja hadi Kwaresima. Baada ya Pasaka nikasikia ameoa huko huko. Jumamosi ile nilimkalisha Bibi mezani, nikamletea unga, nikakaa na kalamu. Akasema, "Walio hai. Andika Widad."

Nikaandika Tekla.

Mahali pako, mstari wa kwanza, nikaandika jina langu. Alipitisha kidole kwenye mistari kuihesabu, kama kawaida yake, akaikuta yote, akaridhika. Tangu avunjike nyonga hakufika tena kanisani Jumapili asikie yanayosomwa; mkate na karatasi niliupeleka mimi. Na Jumamosi iliyofuata nikafanya hivyo tena. Miaka tisa, Widad. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wewe hukuwapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jina la mbali halimgeuzi mgonjwa kitandani.

Katika zile barua ambamo Bibi alikuambia jina lako linasomwa, yeye alisema kweli kadiri alivyojua. Mkono ulioandika ulikuwa wangu, na ulijua vingine. Tangu mwaka 1953 jina lako halijasomwa katika kanisa la Kfar Lauza. Lile la kwanza mdomoni mwa padri lilikuwa langu, na nililiiba. Sasa tia hilo kwenye kioo chako.

Tekla


Kfar Lauza, 14 Septemba 1962

Dada Widad,

Salamu kwako, kwa Fares na kwa watoto. Leo ni sikukuu ya Msalaba. Mrehani wa Bibi umeota vizuri makoponi, niliupeleka kanisani alfajiri na watu wakasema ni kama yeye yupo. Mpaka konokono wamerudi.

Sijapata jibu lako. Labda ni posta, labda ni wewe. Nilidhani nikishakuambia nitapumua. Sijapumua. Mkate wa sadaka sasa anaoka mke wa Abuna, mimi sijagusa unga tangu Januari.

Niandikie hata matusi.

Tekla


São Paulo, 8 Desemba 1962

Tekla,

Si posta, ni mimi. Barua yako ya Julai niliisoma, nikaifungia kwenye kabati, nikampa Fares ufunguo nikamwambia asinipe hata nikimpigia magoti. Hatujambo sote. Kioo nimekitoa ukutani, nimewaambia wageni kimevunjika.

Matusi nilikuwa nayo, mengi na mazuri, baadhi nilijifunza kwa Bibi mwenyewe. Lakini jambo moja lazima nikuambie kwanza, si ili uumie, ingawa ukiumia sitalia. Mwaka 1955 nilizaa mtoto wa kike, Mariam. Uliandika salamu za pole kwa niaba ya Bibi, nzuri sana. Mtoto aliishi siku tatu. Wiki zile nilikuwa nalala chali naangalia dari, na kitu kimoja tu kilichoniinua ni kwamba leo ni Jumapili na kule jina langu linasomwa. Halikuwa likisomwa. Nilijishika kwenye kamba ambayo ulikuwa umeshaikata. Sijakusamehe hilo, na sijui lini.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna jambo ambalo mimi pia nilikuficha, na mimi nimelificha muda mrefu kuliko wewe.

Wewe ulikwenda kwa masista Beirut mwaka 1940, una miaka kumi. Mimi nilikuwa kwa Bibi tangu mama yangu alipokufa. Basi nani unadhani aliandika karatasi miaka ile saba? Nilikaa kwenye meza ile ile, na kila Jumamosi Bibi alianza hivi: "Walio hai. Andika Tekla, aliye kwa masista." Wewe, wa kwanza. Mimi niliyemchotea maji na kuwasha tanuri, sikutajwa. Nililia chooni. Nilikuchukia na sare yako ya shule na barua zako zenye mwandiko mzuri. Na nilifanya ulichofanya, Tekla. Nilikuruka. Jumapili nne jina lako halikusomwa, na katika wingi wa majina ya kijiji kizima Bibi hakugundua; ya tano nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza.

Hapo ndipo tulipotofautiana, mimi na wewe. Mimi niliuliza.

Alikuwa ameweka viganja juu ya muhuri. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jua linatoka wapi. Akasema, "Karatasi ni ya walio mbali. Aliye mbali lazima aandikwe, asije akapotea. Wewe uliye humu ndani nikuandike kwa nini? Wewe nakutaja nikibonyeza muhuri. Unaingia kwenye mkate wenyewe. Unadhani nakanda kwa ajili ya nani, paka?" Kisha nilipomwambia kwamba nimekuruka Jumapili nne, alinipiga kofi la unga shavuni na kunifanya niandike jina lako upya, kwa herufi kubwa, huku amenisimamia.

Haikuwa zaburi, Tekla. Lilikuwa jina lako. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na tano, na wewe umekaa hatua mbili tu kutoka kwake.

Siku niliyopanda meli pale Beirut, Bibi alinishika kichwa mbele ya watu wote akaniambia, "Kuanzia Jumapili hii Tekla atakuandika." Watu walidhani ananibariki. Mimi peke yangu nilijua kwamba nimetolewa kwenye mkate na kuhamishiwa kwenye karatasi. Nililia mpaka Marseille, na Fares, maskini, alidhani namwogopa yeye. Tangu siku ile nakuonea wivu. Zile chupa za maji ya kwanza unazozitaja, unadhani alinipa kwa sababu gani? Mtu hampelekei zawadi nzuri aliye mbele yake. Anampelekea aliyempoteza.

Ningeweza kukuambia haya wakati wowote. Katika barua yako ya Aprili, uliposema midomo yake ilikuwa ikichezacheza na hujui alikuwa akisema nini, nilisoma mstari ule nikaweka barua chini. Nilijua papo hapo. Nikaamua, ngoja asijue, maana akijua atakuwa na kila kitu na mimi nitabaki na karatasi. Halafu kumbe hata karatasi sikuwa nayo.

Nakuambia sasa kwa sababu nisipokuambia Bibi atatafuta namna ya kunipiga kofi jingine.

Widad


Kfar Lauza, 15 Januari 1963

Dada yangu Widad,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba yako. Baba anawasalimu. Nilimsomea barua yako, na kwa mara ya kwanza tangu aumwe hakuzungumzia mguu. Alisema tu, "Mama yangu alikuwa mtu wa ajabu," akaomba kahawa.

Mimi nilikwenda jikoni nikashika ule muhuri wa mbao. Una mashimo mawili yasiyo na kina, moja kila upande, mahali viganja vyake vilipokaa. Nilikuwa nimeyaona miaka yote hiyo nikidhani seremala alikosea. Nililia, sitakuficha, na nililia kwa hasira kwanza. Miaka kumi na tano nilijipikia chuki chungu kimoja na mkate wangu. Niliiba jina la kwenye karatasi ilhali nilikuwa na lile la kwenye unga. Na Anis sikumpoteza kwa ajili ya mtu asiyenitaja. Ningejua hilo, labda nisingekuwa mkali hivi. Labda ningekuwa mkali tu, Baba anasema ni damu.

Kuhusu Mariam nimejaribu kuandika mistari mitatu na nimeichana yote.

Juzi Jumapili ilikuwa misa ya mwaka mmoja. Jumamosi nilimwambia mke wa Abuna asioke, naoka mimi. Nilitandika karatasi mezani nikaandika kwa mkono wangu bila ya kutajiwa. Walio hai: Widad, wa kwanza, kwa herufi kubwa. Kisha Fares, Jorji, Suhaila, kisha wote waliobaki mpaka yule mwizi wa mbuzi. Marehemu: Rahil, na chini yake Mariam binti Widad. Jina langu halimo. Mkate nilipouwekea muhuri nilimtaja Baba, aliyekuwa anasinzia kwenye kiti chake karibu na tanuri. Hakusikia, na sikumwambia. Sasa najua kwa nini Bibi hakuwa akisema kwa sauti. Ukiwa unamtaja mtu anayekoroma mbele yako, unaona haya.

Abuna Ghattas aliipokea karatasi mlangoni, akaisoma, akaniuliza kama nimejisahau. Nilimwambia hapana. Aliondoka nayo, nami nikasimama nyuma kwenye nguzo, pale Bibi alipokuwa akisimama, na jina lako nililisikia kwa masikio yangu. Alilisoma vibaya kidogo, kwa kuwa hajalizoea.

Karatasi uliyoiomba imo ndani ya barua hii. Ni ile ya Jumapili ya mwisho, ina doa la mafuta kwenye pembe. Sikuigusa wala kuirekebisha, jina langu liko pale pale mahali pako. Tundika, au choma, ni yako. Na ile chupa iliyozibwa kwa nta ambayo italetwa na mpwa wa Umm Shafik ni maji ya kwanza ya mwaka jana. Nilikuwa nimeyaficha ninywe peke yangu. Nimeonja kijiko kimoja tu. Ni makali mno, sijui mlikuwa mnayapendea nini.

Nina ombi na wewe usininyime. Baba ana miaka sabini na minane na mkono wake hauwezi unga. Humu ndani hakuna wa kunitaja juu ya muhuri, na ukitazama kutoka huko uliko, mimi ndiye niliye mbali. Basi chukua kalamu, upeleke karatasi kwa padri wenu kila Jumapili, uniandike. Niandike wa kwanza, juu ya Fares na juu ya wanao.

Na usinidanganye, Widad. Mimi najua inavyofanywa.

Mdogo wako,
Tekla